Chuo Kilichotangazwa Altareni

Kwanza mjue kwamba mimi ni msusi. Vyuo vikuu sivijui, shule yangu iliishia darasa la saba Korogwe, na sioni haya kusema. Lakini ukikaa Malvern, hapa Toronto, miaka mingi ukiwasuka watu sebuleni kwako, kichwa kimoja asubuhi hadi mchana, utajua mambo ya watu kuliko paroko. Mtu akishainamisha shingo mbele yako hana pa kukimbilia. Ndivyo nilivyoyajua ya Otilia, na mengine niliyaona kwa macho yangu, maana alikuwa akilala chumba kimoja na binti yangu Stephanie.

Otilia alikuja Toronto mwezi wa nane, mwaka tisini na sita. Mhaya wa Muleba, mrefu, mwembamba, ana sauti ya chini utadhani yuko kanisani saa zote. Watanzania wa parokia yetu waliniambia kuna mtoto wa mwalimu mkuu mstaafu anatafuta kitanda cha bei nafuu, nikasema aje. Alipofika mlangoni akanipigia goti. Goti kabisa, kwenye korido ya ghorofa ya saba, "Shikamoo mama," na jirani yangu Sabine akipita na kapu la nguo za kufua. Halafu akafungua sanduku akatoa mfuko wa senene wa kukaanga, zawadi ya mama yake kwa yeyote atakayempokea. Mimi senene sili, lakini kwa adabu ile niliwatafuna wawili watatu nikafumba macho.

Stephanie alimpenda siku ile ile. Otilia akimwambia jambo kwa Kiswahili, yeye anajibu kwa Kiingereza, wanacheka, wanaelewana. Mimi mwanangu huyo nimemsemesha Kiswahili tangu tumboni hajawahi kunijibu sentensi nzima.

Kila asubuhi Otilia alipanda basi, kisha treni ya chini ya ardhi, hadi shule moja ya binafsi mjini, shule ya wageni wanaotafuta cheti cha kuingilia vyuo vya huku. Hapo ndipo ilipoanzia aibu yake. Kwao alishamaliza kidato cha sita, amefaulu vizuri, na hapa anakaa tena dawati moja na vitoto vinavyotafuna bigijii. Yeye ana ishirini na moja. Na Wahaya mnawajua, nawatania tu, lakini mnawajua: kusoma kwao ni sifa ya ukoo. Kurudia darasa ni kama kukutwa unaiba ndizi za jirani. Mtu akimuuliza anasoma nini alisema "masomo ya maandalizi" kisha anageuza maneno.

Mwezi wa kumi na mbili ulipoanza, wakaambiwa shuleni kwamba fomu za kuomba vyuo zipelekwe Guelph, ambako maombi ya jimbo zima hukusanywa, na siku zinakwisha. Otilia akaja na orodha. Aliiandika nyuma ya kalenda ya bucha: vyuo tisa, kutoka Halifax huku mashariki mpaka Vancouver kule mwisho wa dunia. Pamoja na orodha, vitabu vya picha ambavyo vyuo hutuma bure. Alivipanga juu ya meza yangu ya chakula wiki nzima, tukawa tunakula tumepakata sahani.

Jumamosi moja nikamwambia kaa chini, leo nakusuka bure. Nilikuwa na sababu yangu. Mtoto yule ukimuuliza jambo amesimama, anakujibu "ndiyo mama" huyo anaondoka. Nikamkalisha kwenye mto katikati ya magoti yangu, nikamwekea orodha mapajani na kalamu mkononi. Sabine naye akaja na kikombe chake cha chai. Sabine ni wa Bukavu, anahudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Markham, na hakuna jambo asilolitolea maoni.

Nikamuuliza Otilia ana uwezo wa kulipa kiasi gani kwa mwaka, akanitajia. Alikuwa na hela za mchango wa watu wa kwao, zimewekwa benki, na baba yake angeongezea kidogo kila mavuno ya kahawa. Kazi ya nje hakuruhusiwa; viza ya mwanafunzi wakati ule ilikubali kibarua cha ndani ya chuo tu. Nikamwambia basi, mwanangu, jikune unapofikia. Tufute.

Vya nje ya jimbo viliondoka mapema, kwa kuwa kila kimoja kilitaka ada ya maombi peke yake, na hairudi hata wakikukataa. Sabine aliililia Montreal. Alisema mtoto ajifunze Kifaransa, lugha ya watu wenye adabu, na vyumba kule ni vya bei chee. Nikamuuliza mbona yeye hakukaa huko, akanywa chai. Vancouver aliifuta kwa shida maana kitabu chake kilikuwa na bahari na milima, na wanafunzi wamejilaza kwenye nyasi. Nikamwambia tazama vizuri, katika vitabu vyote hivi hakuna hata picha moja ya theluji. Hawa ni wafanyabiashara kama mimi, na mimi katika picha zangu za mitindo simweki aliyekatika nywele.

Tukaja vya Ontario. Hapo fomu moja ilibeba vyuo vitatu kwa ada moja, ukizidisha unalipia. Kingston alikiri kwamba alikiandika kwa kupenda majengo ya mawe. Waterloo walisifika kwa kompyuta, na yeye alitaka biolojia. Guelph alikipenda, nikaona anakipenda, lakini alikifuta mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Alisema watu walikisifu kwa kilimo, na baba yake hakumleta Kanada akajifunze kilimo wakati kahawa iko nyuma ya nyumba.

Vikabaki vitatu. York, ambako angeweza kuendelea kulala kwangu, ila ada ya wageni haikuwa mbali na ya kile chuo kikubwa cha mjini. Thunder Bay, mbali kaskazini, safari ya basi inayokula siku nzima na ushee, na kitabu chake kilikuwa chembamba kuliko vyote. Lakini ada ilikuwa nafuu, vyumba nafuu, na waliahidi punguzo kwa wageni wachache wenye alama nzuri. Kisha Chuo Kikuu cha Toronto chenyewe, kilichoandikwa juu kabisa ya kalenda, kwa herufi kubwa.

Nikamwambia futa hicho cha juu. Hata nikikulisha bure miaka minne, hata ukilala kwangu usilipe kitu, hufiki. Na York weka kwa kujaza nafasi tu. Cha kwenda kweli ni Thunder Bay. Kalamu haikusogea. Nikaona mabega yanatikisika, nikadhani nimemvuta nywele, nikalegeza mkono. Kumbe analia.

Ikabidi nisimamishe kazi. Sabine akaweka kikombe chini, jambo ambalo si la kawaida. Otilia akatueleza huku amefunika uso kwa kalenda.

Alipopata nafasi ile ya shule ya mwaka mmoja, baba yake, Mwalimu Rwechungura, aliunda kamati ya mchango kama watu wanavyofanya kwa harusi. Lakini mzee akaona ugumu. Nani atachangia mtoto akarudie sekondari? Atawaelezaje kwamba cheti cha kidato cha sita, ambacho yeye mwenyewe alikuwa akiwahimiza watoto wao wakitafute kwa machozi, huko Kanada kimeonekana hakitoshi? Akaona afupishe maneno. Akamwambia paroko binti amepata Chuo Kikuu cha Toronto, anakwenda kusomea udaktari. Kadi za mchango zikapigwa chapa hivyo. Zikasambazwa katika kila jumuiya, na watu wakatoa. Aliyekuwa na buni akatoa buni. Kina mama waliuza mikeka. Mjane mmoja, Ma Kokugonza, alileta mbuzi wake kamba mkononi mpaka uani kwa mwalimu.

Otilia kadi aliiona wakati tayari iko mikononi mwa watu. Hakusema kitu, utamwambia nini baba yako mbele ya kamati? Akajipa moyo kwamba akishafika atakiomba, atakipata, na uongo utageuka kweli kabla mtu hajajua. Jumapili ya kumuaga, paroko akamwita altareni. Akalitaja jina la chuo kwenye kipaza sauti, kanisa zima likapiga makofi.

"Nilijua ni uongo, mama," Otilia akaniambia. "Nikapiga magoti hivyo hivyo, nikapokea baraka."

Sabine akasema sasa tatizo ni lipi, si chuo kiko Toronto, na yeye Otilia si yuko Toronto? Nilimtazama akanyamaza. Mimi nilikasirika. Nilimkasirikia yule mzee ambaye hata simjui. Mwalimu mkuu mzima, aliyewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo! Lakini nilipoanza tena kusuka hasira ikapungua, maana nilijiuliza: mimi ningetoa mbuzi wangu mtu akarudie darasa? Nisingetoa. Ningesema akae nyumbani.

Nikamwambia Otilia mficha uchi hazai. Kesho Jumapili mpigie baba yako, umweleze kwamba chuo kile hukiwezi, basi. Baba ni baba, atajua namna ya kuwaambia wenzake. Hata mimi nilijiona nimetoa ushauri wa busara kabisa.

Sasa, simu. Kule kwao simu ya kutegemewa ilikuwa moja, kwenye ofisi ya paroko. Tulipiga kwetu saa moja asubuhi, kwao saa tisa alasiri, wakati jumuiya zilikuwa zimekusanyika hapo kanisani. Simu yangu ilikuwa ya kipaza, naongea huku mikono ina mafuta ya nywele, kwa hiyo tukakwangua kadi ya kupigia ng'ambo, tukabonyeza namba zake, na sebule nzima ikawa inasikia. Otilia alikuwa amevaa nguo zake za kanisani. Maneno yake alikuwa ameyapanga tangu alfajiri, nilimsikia akiyanong'ona jikoni.

Aliyepokea alikuwa katekista. Akauliza nani, Otilia akasema, na mtu yule badala ya kumwita mwalimu akapaza sauti uani kwamba Otilia anapiga kutoka Toronto. Tukasikia viti, tukasikia miguu. Watu wakajaa ofisini. Nyinyi mmesahau jinsi simu ya ng'ambo ilivyokuwa siku hizo: haikuwa ya mtu mmoja, ilikuwa ya wote waliopo. Mkonga wa simu ukaanza kupita mkono kwa mkono. Mama wa kwaya akauliza je, chuoni kuzuri? Otilia akasema kuzuri. Mwenyekiti wa kamati akauliza masomo ya udaktari magumu? Akasema magumu kiasi. Mwingine akauliza kama anakaa mle mle chuoni, akasema karibu. Kila jibu lilikuwa linamrudisha nyuma. Mimi nilikuwa namwonyesha kwa mikono, sema, sema, na dakika za kadi zinakwenda.

Ma Kokugonza alipopewa mkonga hakuuliza kitu. Alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba anamwombea kila siku, na kwamba akirudi daktari atamtibu goti. Otilia akamwambia ahsante, Ma. Niliona shingo yake inalowa jasho, na nje kulikuwa na barafu.

Mwisho akaja baba. Mwalimu Rwechungura wanawe aliwalea kwa Kiswahili, kwa hiyo nilisikia kila neno. Baada ya shikamoo Otilia alifumba macho akayasema yote kwa pumzi moja: baba, sijaanza chuo, na hicho mlichotangaza siendi, hela hazitoshi, nitaomba cha mbali cha bei ndogo, naomba mnisamehe.

Hapo sauti ya mzee ikashuka mpaka tukainamia simu.

"Nimesikia. Watu wako hapa."

Halafu akapaza sauti, sauti ya mwalimu mbele ya paredi. "Hongera sana, mwanangu! Hongera! Amefaulu mtihani wa kwanza!"

Vigelegele vikalipuka ndani ya simu yangu. Vililipuka kwa kishindo, kipaza kikakoroma, na Stephanie akatoka chumbani mbio kuuliza nani kaolewa. Watu walikuwa bado wanashangilia kadi ilipokwisha. Otilia alibaki amesimama katikati ya sebule na nguo zake za kanisani. Alikuwa amepiga simu kutubu, wakamshangilia.

Wiki hiyo hatukuelewana. Fomu aliijaza Toronto kwanza, York pili, na ya tatu akataka kuiacha wazi. Nilimfokea, sifichi. Nilimwambia aibu haipangi chumba wala hailipi ada, na hela zile za watu zina mwisho. Akaandika Thunder Bay kwa herufi ndogo ndogo, midomo kaibana, akatoka kwenda kuiposti mwenyewe.

Majira ya baridi yale yalimtafuna. Misa ya Kiswahili ya kila mwezi aliacha kuja. Alikwenda ya Kiingereza, ambako hakuna atakayemuuliza anasoma wapi. Krismasi Watanzania walikusanyika Richmond Hill kwa mtu mmoja mwenye nyumba kubwa, wakamuuliza, akasema "mjini." Mhaya mwenzake akaruka, ah, Chuo Kikuu cha Toronto, hongera! Otilia hakukubali wala hakukataa. Alikwenda kuosha vyombo na hakutoka jikoni mpaka tulipoondoka. Kwao hakupiga simu tena. Baba yake naye hakuandika hata mstari, na yeye akaamini mzee amemkasirikia. Aliona haya kwa baba, haya kwa paroko, haya kwa yule mjane na goti lake, hata kula kwangu alianza kuona haya, anajipakulia kijiko kimoja. Nilimwambia wali wangu haujachangiwa na mtu, kula.

Majibu yalikuja theluji inayeyuka. York walimkubali. Thunder Bay walimkubali, pamoja na lile punguzo. Na bahasha nene kuliko zote ikatoka Chuo Kikuu cha Toronto. Stephanie ndiye aliyeitoa kwenye sanduku la posta, akapanda nayo akipiga kelele kwenye lifti. Otilia aliisoma akaingia nayo bafuni, akakaa humo hadi tukabisha hodi.

Nilidhani ndiyo mwisho wa maneno: amekubaliwa, heshima imepatikana, sasa aende anapopaweza. Wapi! Alianza kwenda ofisi zao za mjini kuuliza kama ada inalipika kidogo kidogo, kama kuna msaada kwa mgeni. Walimpokea vizuri, wakamweleza vizuri, na jibu halikubadilika. Siku za kujibu barua zilipokaribia akanijia jikoni nikiwa naloweka maharage.

"Hata muhula mmoja, mama," akasema. "Hela za muhula mmoja zipo. Nikisoma muhula mmoja tu, haitakuwa uongo."

Nikamuuliza na muhula ukiisha? Akasema atarudi nyumbani. Atasema ameugua, au baridi imemshinda, wagonjwa husamehewa. Alikuwa ameshafikiria yote. Kweli alikuwa tayari kutupa masomo yake, na viza yake, na miaka yake, ili paroko aonekane hakudanganya altareni.

Sikumfokea siku hiyo. Nilikausha mikono nikakaa. Nikamwambia kadi zile zilisema uongo, sawa, lakini hela zilikuwa za kweli. Mbuzi alikuwa wa kweli. Yule mama hakumtoa mbuzi wake ili jina la chuo liwe sahihi, alimtoa ili wewe usome. Ukimla mbuzi yule kwa muhula mmoja ukarudi mikono mitupu, huo ndio utakuwa wizi, na wizi huo utakuwa wako, si wa baba yako.

Alikaa na mimi tukachambua maharage yote yaliyobaki, hata yale ya akiba. Asubuhi yake akaitia saini barua ya Thunder Bay, akairudisha barua ya Toronto na jibu la hapana. Macho yamevimba, lakini alikuwa amenyooka.

Alisema sasa lazima ampigie baba, apende asipende. Alijipa hadi mwisho wa shule, akangoja mitihani iishe. Jumapili moja ya mwezi wa sita tukakwangua kadi, tukabonyeza. Nilikaa karibu kwa makusudi, nikamwambia safari hii mkonga ukianza kuzungushwa wakatize, waambie unamtaka baba tu.

Simu ililia mara moja, ikapokelewa. Alikuwa mwalimu mwenyewe.

Otilia alishtuka. Akatoa shikamoo, akaulizwa hali, akasema nzuri. Nyuma ya mzee hakukuwa na sauti. Si viti, si miguu, si mtoto anayelia. Otilia akauliza wengine wako wapi awasalimie.

"Wamekwenda makwao," mzee akasema.

Akaeleza bila haraka, kama mtu anayesoma ripoti ya shule. Alikuwa amefikiri muda mrefu. Wakati wa Kwaresima alimwomba paroko nafasi kwenye matangazo, akasimama mbele ya watu, akawaambia kwamba chuo kile kilikuwa maneno yake. Mtoto alikwenda kurudia mwaka, na atasoma kadiri uwezo utakavyomfikisha. Aliyetaka mchango wake arudishiwe ajiandikishe kwa katekista, na yeye atalipa kila msimu wa kahawa. Wapo waliojiandikisha. Ma Kokugonza hakujiandikisha, lakini tangu siku ile hajapita njia ya kwa mwalimu.

"Nikawaambia wewe hukujua," akasema. "Nilikuficha. Ulipopiga magoti pale ulidhani ni kweli."

Otilia akashika ukingo wa meza. "Lakini baba, nilijua."

"Hukujua. Nimeshawaambia hukujua, na hutaniumbua mara mbili."

Mzee akauliza hicho chuo cha bei ndogo alichosema atakwenda kiko upande gani, akaambiwa kaskazini, akasema vizuri, vizuri, ajitunze kifua. Otilia alikuwa analia bila sauti, na nilijua anatafuta neno lolote la kawaida la kumwambia baba yake, lolote lile, ili simu isikatike hivyo. Akapata moja. Mwalimu kwa miaka zaidi ya ishirini ndiye aliyekuwa akisoma somo la kwanza kila Jumapili katika kanisa lile, na ilikuwa desturi nyumbani kwao kuulizana baada ya misa. Akamuuliza leo umesoma nini, baba?

Mzee akacheka kidogo.

"Siku hizi somo wanasoma vijana," akasema. "Mimi nakaa nyuma, karibu na mlango. Nyuma kuna hewa nzuri."

Otilia akamwambia ni kweli baba, nyuma kuna hewa nzuri. Alimwambia hivyo mara mbili, kwa sauti yake ile ya chini, kisha akanionyesha kwa mkono niizime simu, kwa sababu alikuwa hawezi tena.